Tusinunue Baridi Tusiyoihitaji

Ujiji si mji mgeni kwa watu wa Visiwani. Kabla ya reli kufika Kigoma mwaka 1914, njia ya misafara iliyoanzia Bagamoyo, ng'ambo ya Unguja, ilikoma pale ukingoni mwa Ziwa Tanganyika. Waliokwenda waliacha huko Kiswahili, misikiti na miembe, na wengine wakaacha wajukuu. Kwa hiyo hatudhani kuwa tunaingilia ya watu tunapozungumza leo habari za mawese ya Kigoma. Na ipo sababu nyingine iliyo karibu zaidi na jiko. Sehemu kubwa ya mafuta tunayokaangia mandazi na samaki ni mafuta ya chikichi yaliyovuka bahari kutoka Malaysia na Indonesia, ilhali michikichi imesimama Kigoma tangu enzi za mababu.

Mwaka 2018 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alianzisha kampeni ya kulifufua zao hilo, na kituo cha utafiti cha Kihinga kikapewa jukumu la kuzalisha mbegu bora ya Tenera ichukue nafasi ya Dura ya zamani, ambayo kokwa yake ni nene na nyama yake haba. Takwimu za Serikali za miaka ile zilisema kuwa Taifa lilihitaji tani 570,000 za mafuta ya kula kwa mwaka na kuzalisha tani 205,000 tu. Miche imekwisha kupandwa kwa wingi. Swali lililobaki, ambalo halizungumzwi kwa kiwango kinachostahili, ni hili: mikungu itakapokuwa mingi, mafuta yake yatasindikwa kwa mitambo gani, na nani atakayeichagua?

Tunauliza hivyo kwa sababu mawese ya Kigoma yana ila moja machoni mwa mnunuzi wa mbali. Kando ya ziwa, kwenye joto, pipa la mawese huwa nusu uji na nusu majimaji. Likifika Njombe au Mbeya mwezi wa Juni, huganda likawa gumu kama shahamu ya ng'ombe. Mnunuzi hudhani kuwa amepunjwa, kwamba muuzaji amechanganya kitu. Hakuna aliyechanganya. Mawese kwa maumbile yake ni mafuta ya namna mbili yanayoishi pamoja, moja likiganda upesi na jingine likibaki majimaji. Mafuta yanayoletwa na meli hayagandi dukani kwa sababu wenye viwanda huko Asia wamekwisha kuyatenga mawili hayo.

Hapo ndipo linapoingia suala la baridi. Ili kuyatenga, mawese hupashwa moto hadi nyuzi 70 hivi, kila punje iyeyuke. Kisha hupozwa polepole, huku yakikorogwa kwa utaratibu, mpaka yafike kati ya nyuzi 18 na 24. Sehemu ngumu hujikusanya ikawa punje. Mchanganyiko hupitishwa kwenye kichujio cha kubana, yakatoka majimaji mekundu kiasi cha robo tatu, na robo iliyobaki ikawa mafuta magumu yafaayo sabuni na siagi ya mimea. Kazi yote hii haihitaji tone la dawa yoyote. Wekundu, ambao ndio asili ya vitamini A iliyomo katika mawese, hubaki katika majimaji.

Tulipozunguka Ujiji na Kibirizi tulionyeshwa na viongozi wa kikundi kimoja cha wasindikaji kabrasha la muuzaji wa mitambo. Lilikuwa na picha nzuri. Ndani yake mlikuwa na chumba cha baridi cha kuhifadhia mikungu, na mtambo wa kupozea viyeyusho, yaani vimiminika vinavyotumika kuyavuta mafuta kutoka katika mmea, uwezao kushuka hadi nyuzi 40 chini ya sifuri. Bei yake ilitajwa kwa dola. Kikundi kilikuwa kinafikiria mkopo. Tulipouliza baridi ile yote ni ya kazi gani, tulijibiwa kuwa ni mtambo wa kisasa.

Jibu hilo ndilo lililotufanya tuandike. Neno kisasa limekwisha kutugharimu sana katika nchi hii, na hatuoni haya kusema kuwa sisi wenyewe tumewahi kupiga makofi siku ya kukata utepe mbele ya chumba cha baridi ambacho baada ya miaka miwili kilikuwa stoo ya viti vibovu.

Tuanze na chumba cha mikungu. Tunda la chikichi likikatwa na kuchubuka, kimeng'enya kilichomo huanza kuyavunja mafuta, na ndani ya siku moja au mbili asidi hupanda na mafuta huanza kuharibika. Wasindikaji wanalijua jambo hili kwa pua zao. Dawa yake inajulikana duniani kote, nayo ni mvuke wa moto, unaokiua kimeng'enya na kulilegeza tunda litoke kwenye mkungu. Mwenye tangi la mvuke na mpango wa kuvuna leo na kupika leo hana haja ya kuyatia matunda katika baridi. Baridi huchelewesha tu uharibifu ambao moto huukomesha. Fedha za chumba kile zingenunua matangi ya mvuke na mkokoteni wa kuwahisha mikungu, na chenji ikabaki.

Sasa tuje kwenye mafuta yenyewe. Tuchukue tani 10 za mawese zilizo kwenye nyuzi 70, tunazotaka zifike nyuzi 20. Ukipiga hesabu ya joto lililomo, pamoja na lile linalotoka punje zinapoganda, utapata kadiri ya uniti 390, tukipima joto kwa uniti zile zile za luku. Maji ya juu ya Ziwa Tanganyika huwa kati ya nyuzi 24 na 28 takribani mwaka mzima. Yakizungushwa kwenye koti la tangi, yanaweza kuyashusha mawese kutoka nyuzi 70 hadi 32 bila mashine nyingine ila pampu. Hizo peke yake ni uniti 210, zaidi ya nusu ya kazi. Zinazobaki, uniti 180, zikiondolewa kwa saa 10, zahitaji mashine ya kupoza maji yenye nguvu ya baridi ya kilowati ishirini na chache, itakayokula umeme wa kilowati 7 hivi. Mashine ya namna hiyo hutoa maji ya nyuzi 10 au 12. Ni ya kawaida, na fundi wa majokofu wa mjini anaweza kuielewa.

Ya kwenye kabrasha ni jamii nyingine kabisa. Kadiri unavyotaka baridi ishuke ndivyo kompresa inavyotumia umeme mwingi kwa kazi ile ile. Mashine inayofanya kazi kwenye nyuzi 40 chini ya sifuri hutoa, kwa kila uniti ya umeme, baridi kwa kadiri ya theluthi moja tu ya ile itolewayo na mashine ya kupoza maji. Aliyeinunua kwa ajili ya mawese atalipa mara tatu apate anachoweza kukipata kwa mara moja.

Na kuna ubaya zaidi ya gharama. Mawese yakipozwa kwa ghafla hufanya punje ndogo ndogo mno, laini kama uji wa mtoto. Punje hizo huyanasa mafuta majimaji katikati yake na kuziba kichujio. Kinachotoka ni kidogo, na kinachobaki kwenye kitambaa ni tope. Kazi hii hutaka saa nyingi za kushuka nyuzi moja moja, na mashine yenye nguvu kupita kiasi huiharibu. Wazee wa Ujiji wanaoyaacha mawese yatulie usiku kucha kwenye mapipa, wakayakinga majimaji ya juu asubuhi, wamekuwa wakitumia elimu hii bila kipimajoto.

Wapo watakaouliza: ikiwa ziwa lina kina cha mita 1,470, la pili duniani, kwa nini tusiteremshe bomba tukavuta maji ya chini yaliyo baridi, kama wanavyofanya baadhi ya miji ya ng'ambo? Wazo ni zuri, na yanayolivunja ni maumbile ya ziwa lenyewe. Tanganyika haipati majira ya theluji ya kuyazamisha maji baridi, na huko chini kabisa joto ni nyuzi 23 na kitu. Tofauti ya juu na chini ni nyuzi tatu au nne tu. Zaidi ya hayo, chini ya kina cha mita 100 hadi 200 maji hayana hewa ya kupumulia samaki na yana gesi inayonuka kama yai bovu, ambayo hula vyuma. Basi tutumie maji ya juu, na tusiyatarajie zaidi ya yanavyoweza.

Hata hayo ya juu yana tabia yake. Ni maji yenye magadi na magnesiamu, na yakipata moto huacha ukoko ndani ya mabomba kama ule wa birika la chai. Ukoko wa unene wa kucha hupunguza sana upoaji. Kwa hiyo mtambo wa kando ya ziwa lazima uwe na sehemu ya kubadilishana joto inayofunguka kwa spana ikasuguliwa, na maji ya ziwa yasipite ndani ya mashine yenyewe ya baridi. Hili halikuwamo kwenye kabrasha. Aliyeliandika hakuwahi kuliona ziwa.

Umeme nao ni sura peke yake. Kwa miaka mingi Kigoma iliishi kwa majenereta ya dizeli, nje ya gridi ya Taifa, na ni mwaka 2022 tu mkoa ulipoanza kupokea umeme wa gridi. Ni hatua kubwa, nasi tunaipongeza. Lakini sisi wa Unguja hatuhitaji kuhadithiwa maana ya kutegemea waya mmoja. Tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010 kisiwa kizima kilikaa gizani kwa miezi mitatu, na kila aliyekuwa na samaki kwenye barafu anajua alichokitupa. Mwenye akili anayenunua mashine ya baridi hununua pamoja nayo tangi kubwa lililofungwa vizuri, akatengeneza maji baridi au barafu saa umeme upo, ili kazi ya usiku isikatike unapozimika. Hununua pia kifaa cha kuikinga kompresa dhidi ya umeme unaopanda na kushuka. Vitu hivi viwili havipigwi picha kwenye kabrasha, lakini bila hivyo kompresa haina maisha marefu.

Kisha iulizwe gesi iliyomo ndani. Mwezi Oktoba 2016 mataifa yalikutana Kigali, jirani kabisa na Kigoma, yakakubaliana kupunguza hatua kwa hatua gesi za kupozea zinazoongeza joto la dunia. Mojawapo ni ile iitwayo R-404A, ambayo imejaa katika vyumba vya baridi vya zamani, na kilo yake moja ikivuja hulipasha anga kuliko kilo 3,900 za hewa ya ukaa. Nchi zilizotangulia zinaiacha, na mitambo yao wanayoivua lazima iende mahali. Tuwe macho isije kwetu kwa jina la msaada. Atakayeipokea atatafuta gesi ya kuijazia mpaka achoke. Kwa kiwanda kikubwa chenye mafundi waliofunzwa ipo amonia, ambayo ni sumu lakini ni rahisi, na ikivuja harufu yake humtoa mtu mbio kabla haijamdhuru. Kwa kikundi kidogo, mashine ndogo iliyofungwa kiwandani, yenye gesi ya namna mpya, inafaa zaidi.

Hatujamaliza, kwani lililo zito zaidi ni viyeyusho. Hatusemi kuwa havina maana. Mise, yaani kiini cha ndani ya kokwa, ikikamuliwa kwa mashine ya kawaida huacha katika mashudu asilimia 6 hadi 10 ya mafuta. Heksani huyavuta hata ikabaki asilimia 1 hivi. Na kwa mimea ya dawa na manukato ethanoli, ambayo ni spiriti, hupozwa sana kabla ya kumwagwa juu ya majani ili ichukue kile kinachotakiwa na kuiacha nta. Mwenye kazi hiyo, na mwenye soko la kumlipa, anahitaji baridi kali kweli kweli. Hata yeye anaweza kuanza kwa njia nafuu: aloweke majani kwenye joto la kawaida, kisha akiweke kile alichokipata kwenye baridi siku moja au mbili nta igande, akachuje. (Tuseme pia, kwa faida ya waweka hazina, kuwa spiriti hunyweka. Stoo yake yataka funguo mbili kwa watu wawili.)

Lakini heksani ni jambo la kutisha. Mvuke wake hushika moto hata kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri. Ni mzito karibu mara tatu ya hewa, hivyo haupandi ukatoka dirishani, hutambaa sakafuni, ukapita chini ya mlango, ukaenda kukutana na jiko la mama lishe aliye hatua thelathini kutoka pale. Sehemu moja na kitu katika mia ya hewa yatosha kulipuka. Anayeuvuta kwa miezi mingi huharibika mishipa ya fahamu ya miguu na mikono. Na jokofu la nyumbani, ambalo tumesikia likipendekezwa kuwa ni njia ya kubana matumizi, lina swichi ya taa na kidhibiti cha joto ambavyo kila vinapofanya kazi hutoa cheche. Kuweka chupa ya heksani au asetoni ndani yake ni kutega bomu kwa mkono wako. Maabara za nchi tajiri zimelipuka kwa kosa hilo hilo.

Kwa hiyo msimamo wetu ni wazi. Kazi ya heksani ni ya kiwanda kikubwa, chenye mitambo isiyotoa cheche, vipimo vya mvuke, na mashine ya baridi ya kuugeuza mvuke urudi kuwa maji usipotee hewani. Kiwanda hicho kijengwe mbali na makazi, chini ya macho ya Zimamoto na wakaguzi wa usalama kazini. Kikundi cha akina mama cha Ujiji kisiguse. Afisa yeyote atakayesaini mkopo wa kununulia kikundi cha aina hiyo mtambo wa viyeyusho ajue kuwa amesaini na roho za watu.

Haya hayawahusu watu wa ziwa peke yao. Kule Wawi, Pemba, makonyo ya karafuu huchemshwa kwa mvuke yakatoa mafuta, na kila mara husikika mtu akisema kwamba tunahitaji mitambo ya kugandisha. Kazi ya baridi katika mafuta ya makonyo ni moja tu, kuupoza mvuke uwe maji, na maji ya kisima yanayotiririka vya kutosha huifanya. Mafuta yenyewe, ambayo ni mazito kuliko maji na huzama chini ya chombo, yanahitaji gudulia la kioo au la chuma kisichoshika kutu, lililojaa, lililofungwa, gizani. Yakiwekwa kwenye plastiki duni huila. Kisiwa chetu kina joto, ndiyo, lakini chumba cha ukuta mnene chenye kivuli kimeyatunza mafuta kuliko jokofu linalozimika kila wiki.

Kigoma yenyewe ina mfano wa mitambo ambao hauna haja ya kutafutwa ng'ambo. Meli ya Liemba ililetwa kutoka Ujerumani ndani ya makasha yapatayo 5,000, ikaunganishwa pale pale na kushushwa majini mwaka 1915. Mwaka 1916 wenyewe waliizamisha isitekwe, lakini kabla ya kuizamisha mafundi waliipaka injini grisi nzito. Ilikaa chini ya maji mpaka ilipoinuliwa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini. Hatuwasifu wakoloni kwa ukoloni wao. Tunaisifu grisi. Tungependa kuona katika kila zabuni ya mitambo ya baridi fungu lililotengwa kwa ajili ya grisi, yaani vipuri vya miaka miwili, na fundi wa Kigoma aliyefunzwa kabla mashine haijashushwa bandarini au kituo cha reli.

Kwa maofisa wa Halmashauri, na kwa ndugu zetu wa SIDO ambao tangu 1973 kazi yao imekuwa kuwashika mkono wenye viwanda vidogo, tuna ombi moja lisilo na gharama kubwa. Kabla ya mkopo wowote wa mitambo hii kuidhinishwa, muuzaji aandike kwenye karatasi moja, kwa Kiswahili, ni joto kiasi gani mashine yake itaondoa, kutoka nyuzi ngapi hadi ngapi, kwa maji ya ziwa yenye nyuzi 28, kwa umeme upatikanao Kigoma, na ina gesi gani. Asiyeweza kuiandika karatasi hiyo asiuze. Na malipo ya mwisho yasitolewe mpaka mashine imepoza mawese ya Kigoma, mbele ya wenye kikundi, usiku kucha.

Hata kabla ya hapo lipo jaribio ambalo kikundi chenyewe kinaweza kulifanya wiki hii. Watafute pipa moja la mawese yaliyopashwa moto, wafunge bomba la maji ya ziwa kulizunguka, wachukue kipimajoto na daftari, wakae zamu toka magharibi hadi alfajiri wakiandika nyuzi kila nusu saa. Asubuhi wayachuje kwenye kitambaa wapime yaliyotoka. Wakija mezani na daftari hilo, mazungumzo na muuzaji yatakuwa mengine.